Sili ya Pinioni, Brida, na Ugomvi wa Kola

ZAWADI: Haya, karibuni. Mimi Zawadi, huyu hapa kaka Baraka, mnatujua. Wiki hii imeingia gerejini Land Cruiser 79 ya watalii, ile iliyorefushwa, difu ya nyuma, lile kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, inavuja. Sili ya pinioni, yaani ule mpira unaozuia oili pale shafti ya pinioni inapoingia difu, imeshabadilishwa kwingine, ni mpya kabisa, na oili bado inachuruzika. Nikasema mada ndiyo hii. Leo tuna mambo matatu: kujua inavuja wapi, kubadilisha sili, na oili ya kuweka.

BARAKA: Na sili za magurudumu.

ZAWADI: Manne basi. Anza wewe.

BARAKA: Inavuja wapi, hapo ndipo hela za watu zinapopotelea. Mtu anaona oili chini ya difu, anakimbilia pinioni. Kumbe ni gasketi ya difu, au nati ya kumwagia, au transifa, lile boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma, inavuja kule mbele na upepo unaileta oili nyuma. Osha hauzingi yote, yaani kasha la nje, kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka unga wa chaki. Endesha kama kilomita 20 mpaka difu ipate moto, kisha rudi ulale chini na tochi. Kwenye chaki njia ya oili inajionyesha yenyewe.

ZAWADI: Na pinioni inarusha. Flanji, kile kisahani cha chuma kinachounga pinioni na propela, ikizunguka inatupa oili juu, kwa hiyo utaona mstari wa matone umejichora kwenye sakafu ya bodi, sambamba na flanji. Ukiuona huo, usitafute kwingine.

BARAKA: Subiri kidogo. Tazama katikati ya flanji, pale kwenye nati. Nati ikiwa imelowa na nje kwenye mdomo wa sili kumekauka, sili ni nzima. Oili inapita kwenye meno ya ndani ya flanji na kutokea chini ya nati. Hata ubadilishe sili kumi, itaendelea kuvuja. Hapo ni kusafisha meno na kupaka silikoni kidogo chini ya nati unaporudisha.

ZAWADI: Kweli kabisa. Kabla hujashika soketi, shika propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu, karibu na difu, sukuma juu, vuta chini. Flanji ikicheza, hata kidogo, beringi za pinioni zimelegea. Sili mpya juu ya beringi iliyolegea itavuja tena tu, maana shafti inayumba na mdomo wa sili hauwezi kuifuata.

BARAKA: Halafu brida.

ZAWADI: Nilijua.

BARAKA: Dada Zawadi, hilo gari lililokuja, brida yake ilikuwaje?

ZAWADI: Imeziba. Udongo mkavu kama saruji.

BARAKA: Basi! Nisingesema kitu kingine leo. Msikilizaji asiyeijua, brida ni kile kipumulio kidogo juu ya hauzingi ya ekseli, kina kofia inayochezacheza. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, na njia yake ya kutokea ni hapo. Pakiziba, hewa inatafuta mlango mwingine, na mlango dhaifu kuliko yote ni mdomo wa sili. Kwa hiyo sili mpya inasukumwa kutoka ndani tangu siku ya kwanza.

ZAWADI: Na kipimo chake ni rahisi. Rudi safarini gari likiwa la moto, legeza nati ya kujazia pole pole, tambara mkononi. Ikitoa pumzi, psss, brida imeziba. Difu inayopumua vizuri haitoi sauti yoyote.

BARAKA: Au weka kidole juu ya kofia, itikise. Isipocheza, itoe, iloweke kwenye petroli, puliza. Ikigoma nunua nyingine, bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi unayojiletea.

ZAWADI: Kabla ya kutoa sili, kuna ujumbe hapa wa mwenye Hilux, oili imeingia kwenye dramu ya breki upande mmoja wa nyuma.

BARAKA: Brida.

ZAWADI: Kaka! Hiyo ni sili ya ekseli.

BARAKA: Ni sili ya ekseli, ndiyo, lakini kwa nini imeachia? Aanze na brida, kisha atoe ekseli. Na viatu vya breki vilivyolowa oili asivioshe na kuvirudisha, abadilishe pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande mmoja kila akishika breki.

ZAWADI: Mwingine ana Land Cruiser, lile tufe la chuma la usukani kwenye gurudumu la mbele, linavuja uji mweusi badala ya grisi.

BARAKA: Sili ya ndani ya ekseli ya mbele imepitisha oili ya difu, imechanganyika na grisi. Na kabla ya kufungua…

ZAWADI: Usiseme.

BARAKA: Bri-da.

ZAWADI: Sawa, basi tuimalize brida kabisa, maana hatutoki hapa. Gari linalovuka maji lina tatizo la pili. Difu ya moto ikizama kwenye mto wa baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na difu inanyonya. Kofia ya brida ikiwa ndani ya maji, au sili imechoka, maji yanaingia. Ukimwaga oili inatoka rangi ya chai ya maziwa. Hiyo oili isibaki hata siku moja, beringi zinashika kutu.

BARAKA: Dawa ni mpira. Toa kofia, weka nipeli, valisha mpira wa milimita 8 unaostahimili oili, upandishe juu ya fremu hadi karibu na mdomo wa kujazia mafuta, mwishoni weka kichujio kidogo. Ekseli ya mbele ya magari mengi haya imetoka kiwandani na mpira wake, lakini kagua haujapasuka. Wengi wanakosea hapa: ekseli inapanda na kushuka, ukiuacha mpira umekaza utang'oka kwenye shimo la kwanza. Uachie mzingo wa kutosha. Na usiufunge kwenye bomba la breki.

ZAWADI: Kule njia ya Ziwa Natron, lile jivu la volkano ya Ol Doinyo Lengai ni laini sana, linaingia popote. Kichujio kile kisafishwe kila sevisi.

BARAKA: Kila sevisi. Hiyo ndiyo inayosahaulika.

ZAWADI: Sasa sili, tafadhali. Piga alama flanji na propela kwa rangi ili zirudi zilipokuwa, usije ukaleta mtetemo. Fungua boliti nne, funga propela pembeni. Nati ya pinioni imegongwa ukingoni ili isilegee, kwa hiyo inyanyue ule ukingo kwa patasi ndogo kwanza. Flanji ishikwe kwa chuma kirefu chenye matundu mawili ya boliti, usishikie kwa breki. Vuta flanji kwa pula, usigonge kwa nyundo.

BARAKA: Flanji ikitoka, pitisha ukucha pale sili inapokimbilia. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja. Ama ubadilishe flanji, ama uvalishe bushi nyembamba, ama, kama nafasi ipo, uiketishe sili mpya milimita moja tofauti ili mdomo upate chuma kizima.

ZAWADI: Pima kina cha sili ya zamani kabla ya kuitoa. Mpya iingie sawasawa pande zote, grisi kidogo katikati ya midomo yake, na mdomo usiwe mkavu hata kidogo. Sasa kola.

BARAKA: Hapa tutagombana.

ZAWADI: Tugombane kwa faida ya wasikilizaji. Difu nyingi za Toyota zina kola nyembamba kati ya beringi mbili za pinioni, nati inaiminya mpaka beringi zipate mkazo wake. Zile zenye spesa ngumu na shimu tunaziacha, kwa sababu hizo zinafungwa kwa toki tu, yaani nguvu ya kukaza iliyopimwa. Kwenye kola mimi nasema: nati ikifunguliwa, kola mpya. Iliyokwisha kuminywa imepoteza nguvu ya kusukuma nati, na usipoiminya zaidi, nati inalegea. Ukiiminya zaidi kwa kukisia, beringi inakazwa kupita kiasi, inaungua.

BARAKA: Mimi nasema piga alama ya patasi kwenye nati na kwenye ncha ya pinioni, hesabu nyuzi zilizotokeza, rudisha nati pale pale, ongeza nywele moja. Kubadilisha kola lazima utoe beringi ya mbele kwa pula kupitia tundu la sili. Uko Ndutu porini, upepo, vumbi, wageni wanasubiri. Mchanga mmoja ukiingia kwenye beringi umeua difu ambayo ilihitaji sili tu.

ZAWADI: Hiyo ni dharura. Mimi nazungumzia gereji.

BARAKA: Hata gerejini. Kama ulipima ugumu wa kuzungusha pinioni kabla ya kufungua na ukapata kipimo kile kile baada ya kufunga, kola mpya ya nini?

ZAWADI: Upimaji wenyewe wangapi wanafanya? Wataalamu, nisikilizeni: kwa beringi zilizotumika, difu nyingi za Toyota pinioni peke yake kuizungusha inataka kilo 5 hadi 8 za sentimita, yaani kilo za mvuto mara sentimita za nusu kipenyo. Huna spana ndogo ya kupimia? Zungushia uzi kwenye flanji, vuta kwa mizani ya samaki. Flanji yenye nusu kipenyo cha sentimita 5, kilo 8 za sentimita ni mvuto wa kilo 1.6 tu. Lakini difu ikiwa imefungwa, kraunwili, ile gia kubwa ya difu, na ekseli vinaongeza ugumu, kwa hiyo toa shafti za ekseli kwanza. Kwenye 79 zinachomoka bila kushusha magurudumu.

BARAKA: Basi unakubali! Pima kabla, pima baada, inalingana, nimemaliza.

ZAWADI: Sikubali. Inalingana leo kwenye benchi. Baada ya mawimbi ya barabara kutoka lango la Loduare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, kola iliyochoka haiishiki nati.

BARAKA: Nati imegongwa ukingo vizuri, haiendi popote.

ZAWADI: Ukingo unazuia nati isizunguke. Mkazo hauletwi na ukingo.

BARAKA: Na kola mpya mkononi mwa mtu asiye na kipimo? Inahitaji nguvu kubwa kuiminya, anavuta na bomba refu, anapitiliza. Kurudi nyuma hawezi, ukilegeza nati kola haijinyooshi.

ZAWADI: Ndiyo maana anunue mbili.

BARAKA: Hapana, dada.

ZAWADI: Na mimi hapana. Na muda… tumebaki na dakika moja. Oili hatujagusa.

BARAKA: Oili ya gia ya daraja GL-5, uzito 85W-90 kwa joto la huku. Kama difu ni LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, iwe oili ya LSD. Jaza mpaka ifike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limekaa sawa, si juu ya jeki.

ZAWADI: Na kabla ya kumwaga ya zamani, fungua nati ya kujazia kwanza. Ikigoma, usimwage, maana utabaki na difu tupu na huna pa kujazia. Sili za magurudumu, wiki ijayo. Maswali ya kola tumeni, tutayasoma yote.

BARAKA: Hasa ya wanaokubaliana na mimi.

ZAWADI: Kwaherini.