Kisomaji cha PDF: Kinaweza Kufanya Nini, na Kikivunjwa Kinafika Wapi

DAUDI: Karibuni tena kipindini. Leo tuna programu ambayo karibu kila kompyuta inayo na hakuna anayeikumbuka mpaka igome: ile ya kufungulia PDF. Dada Zuhura, nianze na kauli ya mitaani: PDF ni karatasi tu, haiwezi kudhuru mashine.

ZUHURA: Adobe walipoitoa mwaka 1993 nia ilikuwa hiyo, waraka uonekane vilevile kwenye kila mashine. Lakini miaka ilivyokwenda walirundika vitu ndani. PDF ya leo inaweza kubeba JavaScript (lugha ya kuandikia programu), fomu, video, faili nyingine nzima, viungo vya kwenda kwenye seva, hata amri ya kufungua programu nyingine. Kila kimoja kina kipande chake cha msimbo cha kukisoma, na kipande chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa na mwanya, yaani kasoro ya kumpitisha mshambuliaji.

DAUDI: Na wakati mwingine mwanya hauhitajiki kabisa. Machi 2010 mtafiti Didier Stevens alionyesha PDF iliyotumia amri ya /Launch, ambayo imo kwenye kanuni rasmi za muundo wenyewe. Adobe Reader ilitoa onyo kwanza, lakini sehemu ya maneno ya onyo hilo mshambuliaji aliweza kuyaandika yeye. Foxit, kisomaji kingine, ya wakati huo haikutoa onyo lolote.

ZUHURA: Ukadhani funzo limeingia. Mei 2024 Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakaeleza kwamba Foxit ya wakati huo ilitoa maonyo mawili mfululizo, na kwenye yote mawili kitufe kilichoteuliwa tayari kilikuwa cha kukubali. Mtu mwenye haraka alibonyeza Enter mara mbili, amri ya mshambuliaji ikaendeshwa. Hapo hakuna hesabu ngumu ya kumbukumbu iliyovunjwa, ni tabia ya mwanadamu imetumiwa.

DAUDI: Kwa hiyo mtu akiuliza "nitumie kisomaji gani?"

ZUHURA: Namrudishia maswali mawili. Hiki kisomaji kinaweza kufanya mambo gani? Na siku kikivunjwa, mvunjaji anafika wapi? Watu wengi huishia kwenye la kwanza. Wanasikia Adobe ni kubwa na nzito, wanahamia kwenye kidogo, wanalala usingizi. La pili ndilo linalowaponza.

DAUDI: Tulichambue hilo kwa JBIG2, maana ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote.

ZUHURA: Haya. JBIG2 ni njia ya kubana picha za rangi nyeusi na nyeupe, hasa kurasa zilizoskaniwa. Badala ya kuhifadhi kila herufi "a" ya ukurasa, inahifadhi moja, kisha inasema iko hapa, na hapa, na hapa. Alama hizo zinawekwa kwenye orodha. Kabla ya kutenga nafasi kwenye kumbukumbu, programu inajumlisha idadi ya alama za orodha zote. Sasa, jumla hiyo ikiwekwa kwenye namba ya biti 32, ukomo wake ni 4,294,967,295. Jumla ikipita hapo, inarudi kuanzia sifuri. Programu inatenga nafasi ndogo, halafu inaandika ndani yake vitu vingi. Vinavyofurika vinaangukia kwenye kumbukumbu ya jirani.

DAUDI: Na hapo ndipo walipopita NSO Group, kampuni ya Israeli inayouza programu za ujasusi, kuingia kwenye iPhone.

ZUHURA: Mwaka 2021, shambulio lililoitwa FORCEDENTRY. Faili lilitumwa kwa iMessage likiwa na jina la .gif, ndani ni PDF. Aliyetumiwa hakubonyeza chochote. Na zingatia hili: kisomaji cha Apple hakikuwa kinaendesha JavaScript. Kwa hiyo washambuliaji walichukua amri za JBIG2 zenyewe, zile za kuunganisha picha moja na nyingine kwa hesabu za mantiki za AND, OR na XOR, wakazipanga zaidi ya 70,000 mpaka zikawa kompyuta ndogo yenye rejista zake (vihifadhi vidogo vya namba) na saketi ya kujumlisha namba za biti 64. Ndani ya mbano wa picha! Apple waliziba kwa iOS 14.8, tarehe 13 Septemba 2021.

DAUDI: Na msimbo ule wa JBIG2 haukuandikwa na Apple. Ulitoka Xpdf, programu huria ya miaka ya tisini. Poppler, injini nyingine ya kusoma PDF, nayo imezaliwa na Xpdf, na Poppler ndiyo iliyo ndani ya visomaji vya Evince na Okular kwenye Linux. Unabadilisha jina la kisomaji, kumbe ukoo ni uleule.

ZUHURA: Tena Evince yenyewe ilikuwa na kisa chake mwaka 2017, na wala hakikuhusu PDF. Evince ilifungua pia katuni zilizofungashwa kwa tar, programu ya kufungasha faili nyingi kuwa moja, yaani faili za .cbt. Ilikuwa inaiita amri ya tar na kuipa jina la faili lililomo ndani ya kifurushi. Ukiliita faili lako jina linaloanza na vistari viwili, tar inadhani ni chaguo la amri, na tar ina chaguo linaloendesha programu nyingine. Atril, kisomaji kingine cha Linux, ilikumbwa pia kwa sababu ilinakili msimbo huo. Dawa ilikuwa kuondoa kabisa utegemezi wa tar. Kwa hiyo kisomaji kinachojisifu kwamba kinafungua aina kumi na mbili za faili, mimi sioni sifa hapo.

DAUDI: Twende swali la pili. Kikivunjwa.

ZUHURA: Hapa Adobe wanastahili haki yao. Novemba 2010, Reader X ilikuja na Protected Mode. Kazi ya kusoma faili inafanywa na mchakato ulionyimwa ruhusa: hauwezi kuandika popote diskini wala kuanzisha programu, lazima uombe kwa mchakato mwingine unaosimama kama bawabu. Shambulio la kwanza lililojulikana la kutoroka kizuizi hicho likitumika kwa watu halisi lilionekana Februari 2013, na lilihitaji mianya miwili iliyounganishwa, mmoja wa kuvunja kisomaji na mwingine wa kumpita bawabu. Gharama ya mshambuliaji imepanda.

DAUDI: Chrome nayo iko hivyo, injini yake ya PDF, PDFium, inaendeshwa ndani ya kizuizi cha kivinjari. Firefox wana PDF.js, iliyoandikwa kwa JavaScript yenyewe, kwa hiyo kufurika kwa kumbukumbu kama kule kwa JBIG2 si rahisi kutokea.

ZUHURA: Si rahisi, ila ina mianya ya aina yake. Mei 2024 ulitangazwa mwanya uliopewa namba CVE-2024-4367. Fonti ndani ya PDF ina kitu kinaitwa FontMatrix, namba sita. PDF.js ilizipachika moja kwa moja ndani ya msimbo wa kuchora herufi bila kuhakikisha kwamba ni namba kweli. Ukiweka maneno badala ya namba, yanakuwa JavaScript na yanaendeshwa. Firefox 126 iliziba. Lakini kuna watengenezaji wa tovuti na mifumo ya ofisi waliopachika PDF.js ndani ya kazi zao, na hao Firefox haiwasasishii. Inatakiwa PDF.js toleo 4.2.67 au jipya zaidi. Kama leo huwezi kupandisha, weka isEvalSupported iwe false.

DAUDI: Sasa SumatraPDF, kisomaji cha Windows. Watu wanaipenda, ni ndogo, inafunguka upesi, haiendeshi JavaScript.

ZUHURA: Na mimi naipenda, kwa vitabu vyangu. Kwenye swali la kwanza inapata alama nzuri sana: haina JavaScript, haijazi fomu. Ukitaka kuibana zaidi, weka faili la sumatrapdfrestrict.ini kando ya programu, ndani yake InternetAccess iwe 0. Lakini kwenye swali la pili inaanguka. Haina kizuizi chake. Injini yake ni MuPDF, iliyoandikwa kwa C, na mwanya wa kumbukumbu ukipatikana humo, mshambuliaji anapata kila kitu ambacho mtumiaji aliyeingia anakipata. Kwa hiyo faili usilolijua asili yake, fungua kwa kivinjari kilichosasishwa. Kitabu ulichopakua kwa mchapishaji unayemwamini, Sumatra haina shida.

DAUDI: Wapo watakaobishana.

ZUHURA: Wabishane. Waniambie tu bawabu wa Sumatra anaitwa nani.

DAUDI: Kuna anayelazimika kubaki na Adobe Reader, pengine ofisi inadai fomu zake. Afanye nini?

ZUHURA: Kwanza aangalie toleo. Akikuta XI, aiondoe. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 15 Oktoba 2017. Kisha afungue Menu, Preferences (kwenye mwonekano wa zamani ni Edit, Preferences). Kwenye JavaScript atoe tiki ya Enable Acrobat JavaScript. Kwenye Security (Enhanced) ahakikishe Protected Mode ina tiki, halafu Protected View, kinga ya ziada ambayo hulifungua faili kwa kulisoma tu na kwa kawaida huja imezimwa, aiweke All files. Kwenye Trust Manager atoe tiki ya kuruhusu viambatisho visivyo PDF kufunguliwa na programu za nje, na palepale, kwenye Change Settings za intaneti, azuie PDF kwenda tovuti zote. Msimamizi wa mashine nyingi asizunguke kuzibonyeza moja moja. Kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies\Adobe\Acrobat Reader\DC\FeatureLockDown (kwa Reader ya biti 64, Adobe Acrobat badala ya Acrobat Reader), aweke bDisableJavaScript yenye thamani 1.

DAUDI: Kwa nini All files? Kuna chaguo la faili kutoka sehemu zenye mashaka tu.

ZUHURA: Kwa sababu ya flashi. Windows ikipakua faili kutoka mtandaoni inalibandika alama, na chaguo lile linategemea alama hiyo. Alama inakaa kwenye diski yenye mpangilio wa faili wa NTFS. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, hazina mahali pa kuiweka. Faili likipitia kwenye flashi, alama imepotea, na Reader inaliona kama lako.

DAUDI: Hapo umewagusa wenye steshenari. Kutwa nzima wanapokea flashi za watu wasiowajua, wanafungua na kuprinti.

ZUHURA: Na Protected View haikuruhusu kuprinti mpaka ubonyeze Enable All Features, na ukibonyeza umeiondoa kinga hiyo ya ziada. Mhudumu atabonyeza kila mara, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo nawaambia: printini kwa Chrome. Fungua faili, Ctrl+P, kwenye Scale chagua Fit to paper, kazi imeisha bila kutoka kwenye kizuizi.

DAUDI: Firefox je?

ZUHURA: Inafaa kwa kusoma. Kwa kuprinti, PDF.js inachora upya kila ukurasa kwanza. Ripoti ya kurasa mia mbili inaweza kukuchosha, na maandishi madogo huenda yasitoke makali. Ila kwa kusoma, nenda about:config, weka pdfjs.enableScripting iwe false, maana tangu Firefox 88 inaendesha JavaScript ya fomu. Na ile mashine ya steshenari iwe na akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi.

DAUDI: Niongeze lile la nywila. Mwaka 2018 Check Point walionyesha PDF inayomwambia kisomaji akavute waraka kutoka seva ya mbali kwa njia ya SMB, njia ya Windows ya kushirikiana faili kwenye mtandao. Windows, kwa wema wake, inajitambulisha kwa seva hiyo: jina la mtumiaji pamoja na jibu lililotengenezwa kutokana na nywila, ambalo mtu anaweza kwenda kukaa nalo akilijaribia nywila moja moja. Mtumiaji haoni chochote. Ofisini, kwenye ruta, ziba bandari (port) 445, ambayo SMB huitumia, kwa mawasiliano yanayotoka ndani kwenda intaneti. Hakuna sababu ya kompyuta za ndani kuongea SMB na intaneti.

ZUHURA: Hilo fanya leo hata kama husomi PDF.

DAUDI: Je, mtu anaweza kulikagua faili bila kulifungua?

ZUHURA: Ndiyo, kwa programu ndogo ya pdfid.py, ya huyohuyo Didier Stevens. Inahesabu maneno tu, haichori kitu. Ukiona /JS, /JavaScript, /Launch au /EmbeddedFile zina namba zaidi ya sifuri kwenye wasifu wa mtu anayeomba kazi, simama. /OpenAction peke yake isikutishe. Mara nyingi ni ya kuchagua ukurasa wa kuanzia. Mtego uko kwenye /ObjStm: hizo ni sehemu zilizobanwa, na pdfid haioni ndani. Zifungue kwanza kwa programu ya qpdf, kwa amri hii: qpdf --qdf --object-streams=disable asili.pdf wazi.pdf, kisha pima wazi.pdf.

DAUDI: Na mwandishi wa habari, au wakili, anayelazimika kufungua faili la mtu asiyemjua?

ZUHURA: Dangerzone, ya Freedom of the Press Foundation. Inalifungua faili ndani ya kontena, yaani sehemu iliyotengwa ya kompyuta, lisilo na mtandao, inageuza kila ukurasa kuwa nukta tupu za rangi, kisha inatengeneza PDF mpya kutokana na nukta hizo. JavaScript, fonti, viungo, vyote vinabaki nyuma. Unachopoteza: faili linanenepa, na maandishi hayatafutiki mpaka uwashe OCR, yaani utambuzi wa maandishi kwenye picha. Inapokea na faili za Word.

DAUDI: Simu, kwa ufupi.

ZUHURA: Kwa ufupi kabisa: usipakue kisomaji kipya. Simu ya Android yenye Drive inafungua PDF tayari. Virusi vya benki viitwavyo Anatsa vimeingia Play Store mara kadhaa kwa sura ya programu ya kusomea PDF, vikishaingia vinaomba ruhusa ya Accessibility, inayoiwezesha programu kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Kisomaji hakina haja ya ruhusa hiyo, wala ya SMS.

DAUDI: La mwisho, sahihi za kidijitali. Sumatra na vivinjari vingi havizihakiki, kwa hiyo anayepokea mikataba atarudi Adobe.

ZUHURA: Arudi, lakini kwa toleo la sasa. Februari 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum walijaribu visomaji 22 vya kompyuta, na 21 vilidanganyika: maandishi yamebadilishwa, sahihi bado inaonyeshwa kuwa halali. Mwaka uliofuata wakaja na njia nyingine, ya kuficha maudhui kabla ya kusainiwa na kuyafichua baadaye. Ukipokea mkataba uliosainiwa, fungua paneli ya Signatures, tazama kama kuna mabadiliko yaliyofanywa baada ya sahihi, na ubonyeze kuona toleo lile lililosainiwa lenyewe. Linganisha kiasi cha fedha na namba ya akaunti.

DAUDI: Maswali yenu tutumieni kwa ujumbe wa sauti, tutayajibu kipindi kijacho. Anayetuma PDF ajue itapita Dangerzone kwanza.