Geuza Bakuli Kwanza

Ahsanteni. Kabla sijaanza, bakuli hili lipite mkono kwa mkono. Mikono miwili, tafadhali. Lilikuwa la bibi yangu, na maisha yake yote halikupakuliwa wali.

Kila mgeni akiliona alisema, "La Kichina hilo." Ligeuzeni. Kitakoni kuna muhuri uliofifia: Maastricht. Huko ni Uholanzi. Karne ya 19 viwanda vya mji huo, kikiwemo cha Petrus Regout, viliuza vyombo vyao hadi pwani yetu hii. Kwa hiyo nyumba kadhaa zinazojisifia Uchina ukutani zimetundika Uholanzi. Simvunjii mtu heshima ya bibi yake. Wangu mwenyewe alinibishia mpaka mwisho.

Tazameni na ukingo wa kitako: matundu mawili madogo. Uzi ulipita hapo, bakuli likaning'inizwa. Aliyelinunua hakulinunulia chakula.

Kauri ya Uchina yenyewe ilitangulia zamani, ikibadilisha wenyewe India na Ghuba, kisha majahazi yakaja nayo kwa kaskazi. Kwenye magofu ya Gede, pwani ya Kenya, alikoanza kuchimba mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948, kuna nyumba iliyopewa jina la bakuli la kauri. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, watu wa karne ya 18 walipachika sahani kwenye nguzo za makaburi, chokaa ikiwa bado mbichi. Nendeni mkaone: mashimo ya mviringo yapo, sahani hazipo. Zilibanduliwa. Nikisimama pale huwa najiuliza ziko kabatini mwa nani. Ndiyo maana mtu akinijia na "mali ya kale", kabla ya bei namuuliza imetoka ukuta gani.

Sasa nyinyi mnaoagiza ng'ambo. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha za nchi nyingi, namba 9706 ni ya vitu vya kale vilivyopita miaka 100. Kisichofikisha umri huo ni mtumba, hata king'ae vipi. Umri basi lazima uthibitishwe, na uso wa sahani hauthibitishi kitu.

Mimi niliuziwa sahani "ya mwaka 1850". Picha safi kabisa, zote za mbele. Nauli ikazidi bei ya sahani. Ilipofika nikaigeuza: "Made in England". Sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kutumika 1891 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, viwanda vya Uingereza vikaanza kupiga chapa "England". Hilo "Made in" likazoeleka karne ya 20. Sahani yangu ni rika la mama yangu! Yeye alicheka, akaichukua, na Ijumaa ile ile akaipakulia pilau.

Haya, bakuli limefika wapi? Wewe kule nyuma, mikono miwili nilisema.