Ampaya Achezeshe Kwao?

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Leo naongelea kitu kimoja tu, ampaya, yaani mwamuzi wa kriketi, kuchezesha mechi ya nchi yake, na msimamo wangu nautoa mapema kabisa: kama ndiye bora, mwacheni achezeshe.

Ila tukubali, kwenye Testi, zile mechi za kimataifa za siku tano, alikatazwa kuchezesha kwao kwa sababu. Kuna ile kutolewa kwa LBW, mpira umemgonga mpigaji mguuni, sasa ampaya aseme kama mguu usingekuwepo mpira ungepiga wiketi, vile vijiti nyuma ya mpigaji, au ungepita pembeni. Yaani anaamua kitu ambacho hakijatokea, tena papo hapo, huku uwanja mzima unapiga kelele! Halafu awe mwenyeji, mgeni akitolewa unafikiri atasema nini njiani akirudi kukaa?

Imran Khan, kapteni wa Pakistan wakati ule, alichoshwa na hayo maneno, kwamba Pakistan wakishinda kwao wamebebwa. Basi Novemba 1986 pale Lahore, wakicheza na West Indies, wakawekwa maampaya wawili kutoka India, V.K. Ramaswamy na Piloo Reporter. India jamani, na mnajua hizo nchi mbili zilivyo. Pakistan wakapigwa vibaya, inningsi ya pili, yaani zamu yao ya pili ya kupiga, wote nje kwa rani (pointi) 77, mechi ikaisha siku ya tatu. Mwaka uliofuata, Desemba 1987 Faisalabad, akarudi ampaya mwenyeji, Shakoor Rana, akanyoosheana vidole na kapteni wa England Mike Gatting katikati ya uwanja, ikabidi siku ya tatu nzima isichezwe hadi Gatting aandike kikaratasi cha kuomba radhi. Siku nzima ya Testi, imeenda hivyo hivyo!

Kwa hiyo ICC, wale wanaosimamia kriketi duniani, walipoweka ampaya mmoja wa nje kwenye Testi mwaka 1994, halafu 2002 wakasema wote wawili, mimi naona walifanya sawa. Kwa wakati ule.

Lakini mcheki Simon Taufel. Ampaya bora wa mwaka mara 5 mfululizo, 2004 mpaka 2008, na Ashes, zile Testi za England na Australia, hakuwahi kuchezesha hata moja kwa sababu ni Muaustralia. Fainali ya Kombe la Dunia 2007, Australia wameingia, yeye nje. Kasubiri mpaka 2011, India na Sri Lanka. Hili linaniuma kweli, maana mechi kubwa ndo zinamhitaji mtu kama huyo na tunamwadhibu kwa pasipoti.

Na siku hizi kuna riviu, mchezaji asiporidhika anaomba video. Korona ilipofunga safari 2020 ICC wakaruhusu wenyeji, timu zikaongezewa riviu zikawa 3 kwa kila inningsi. Mechi ya kwanza, Southampton mwezi wa saba, maampaya uwanjani Richard Illingworth na Richard Kettleborough, Waingereza wote wawili, na England wakafungwa na West Indies.

Tena kwenye T20, zile mechi fupi, nchi moja ikiitembelea nyingine, wenyeji ndo wanaochezesha, wote wawili, na watu wanajaa uwanjani. Anayepinga aniambie basi, mtu tunayemwamini kwenye T20 Ijumaa, kwenye Testi ya Jumatatu kabadilika nini?