Podikasti: Kuvaa Kama Binti wa Mwana Kupona

TATU: Karibuni tena. Mimi Tatu, niko Dar, mvua ndiyo kwanza imekatika, kwa hiyo mkisikia matone kwenye bati msishangae. Mwenzangu yuko Mombasa. Zuhura, shoga, picha nimeziona. Ule usiku wa mashairi umetoka kama bi harusi!

ZUHURA: Ndivyo nilivyoagizwa. "Nawe ipambe libasi, ukae kama arusi."

TATU: Umeagizwa na nani tena?

ZUHURA: Na Mwana Kupona. Mwaliko ulisema kila mtu aje kama katoka kwenye kitabu cha kale. Nikajua wenzangu watakuja na magauni ya Kiingereza, kofia na glavu, na kweli wakaja. Joto la Mombasa lile! Mmoja kavua glavu kabla ya chai kupita. Mie nikasema, kwani sisi hatuna vya kale? Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, kisiwa cha huko Lamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho. Mwaka 1858, naye ni mgonjwa, akamtungia utendi binti yake Mwana Hashima. Watu huutaja kwa mawaidha ya ndoa. Mie huupenda kwa sababu mna vazi zima humo ndani.

TATU: Vazi zima?

ZUHURA: Toka unyayo mpaka nyusi. "Maguu tia kugesi, na mikononi makoa." Kugesi ni vikuku vya miguuni, makoa ni vya mikononi. Ubeti wa pili una kidani na kifungo cha shingoni, marashi na daliya. Wa tatu ndio huu: "Pete sitoe zandani, hina sikome nyaani, wanda siwate matoni, na nshini kuutia."

TATU: Hapo mtu wa Dar ameachwa stendi.

ZUHURA: Kiamu hicho, Kiswahili cha Lamu, bibi wee. Zandani ni vidoleni, nyaani ni kwenye kucha. Wanda ni wanja, matoni ni machoni, nshini ni kwenye nyusi.

TATU: Haya, nimepanda basi. Na nguo je? Mbona nguo sijaisikia?

ZUHURA: Umeiona! Beti tatu, na nguo imepewa neno moja tu, libasi. Hakusema kitambaa gani, wala rangi gani. Vilivyobaki vyote ni vya kutoa mlio, vya kunukia na vya kupaka. Sisi tukitaka kuvaa kizamani twakimbilia gauni, hereni ndiyo ya mwisho. Mie nikaenda kinyume, nikaanzia miguuni.

TATU: Kugesi ulizipata wapi?

ZUHURA: Usiniulize. Za kwanza nilinunua mtandaoni, kwa mtu aliyeniapia ni fedha tupu. Nikazijaribu asubuhi, kufika magharibi kifundo cha mguu kijani kama jani la mgomba.

TATU: Jamani!

ZUHURA: Nikaenda kwa nyanya yangu na aibu zangu. Akafungua kasha, akatoa zake. Nzito! Nikivaa mwendo wenyewe wabadilika, huwezi kuharakisha. Nilipita ukumbini watu wakageuka kabla hawajaniona.

TATU: Mimi ningevaa kanga nikamaliza. Doti moja nzuri, kilemba, basi.

ZUHURA: Ungependeza, lakini usingekuwa wa utendi huu. Kanga, au leso tunavyoiita huku, imeshika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Duka la Kaderdina Hajee Essak hapa Mombasa, lile la kanga za "Mali ya Abdulla", lilianza 1887. Karibu miaka 30 baada ya utendi.

TATU: Umenivunja moyo. Na buibui?

ZUHURA: Nalo limekuja nyuma. Lamu walikuwa na shiraa, kama hema la kitambaa. Mwanamke muungwana atembea ndani yake, wajakazi wamelishikilia kwa miti.

TATU: Wajakazi. Ndipo panaponikera mimi. Binti anaambiwa pete asivue, na wa kumfulia nguo hatajwi.

ZUHURA: Watajwa, Tatu, lakini kwa kuambiwa binti asichangamane nao ila wakati wa kazi. Nilikwama hapo siku mbili. Maana mwanzo nilitaka kuvaa merikani, ile pamba ghafi iliyoletwa na Wamarekani kutoka Massachusetts, nikaona hiyo ndiyo ya zama zile. Kisha nikakumbuka merikani na kaniki ndizo walizovaa watumwa. Ningekwenda kama mjakazi wake huku nimebeba kidani cha bibi!

TATU: Kwa hiyo?

ZUHURA: Soko la Kongowea, kwenye mitumba. Nikapata sari ya hariri, nyekundu iliyokolea, imetoboka upande mmoja, shilingi 400. Hariri ya Bara Hindi haikuwa ngeni visiwa vile, vyombo vya baharini vilikuwa vyaenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi. Fundi akakata palipotoboka, akaipinda kwa mkono. Haina nakshi hata moja. Nilitaka iwe kimya, vyengine viseme.

TATU: Viatu?

ZUHURA: Ndara za ngozi. Siyu mafundi wa ngozi ndiko kwao, kwa hiyo hapo sikusita.

TATU: Turudi kwenye hina, kwa sababu wasikilizaji wataiga.

ZUHURA: Ubeti umesema kucha, basi. Sikuchora maua mpaka viwikoni. Nilipaka siku mbili kabla, kwa sababu hina ikitolewa huwa ya chungwa, yakolea siku ya pili. Na iwe hina ya majani, si piko lile la kutia weusi nywele. Lile laweza kukuunguza ngozi.

TATU: Binamu yangu alitoka malengelenge wiki ya harusi yake. Na wanja?

ZUHURA: Wanja wa manga wa zamani sikuugusa, ule waweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu. Nilinunua wa kawaida dukani. Ila nilifuata ubeti, nikapaka na nyusi pia. Daliya ndiyo iliyonishinda. Unga wake wa manjano waukoroga kwa marashi, wajipaka shingoni. Sikungoja ukauke. Tazama ile picha nimeinamisha kichwa, utaona hariri yote imeingia manjano hapa begani.

TATU: Nikadhani ni mwanga! Na asumini hukuvaa? Nilitegemea kikuba.

ZUHURA: Kikuba nilivaa, cha asumini na rehani, lakini hicho nimejiongezea. Kwenye utendi asumini zimo, ila zile ni za kitandani.

TATU: Astaghfirullah. Tuna wasikilizaji wadogo.

ZUHURA: Mama yake ndiye aliyesema, si mie!

TATU: Ndiyo nilitaka kukuuliza. Mapambo yote haya ni ya kumpendeza mume, utendi wenyewe haufichi. Wewe mume huna.

ZUHURA: Sina, na vikuku vikalia vile vile. Unajua ni nini kilichonivuta? Ni mama yu mgonjwa, ajua siku zake ni chache, na bado akumbuka kumwambia mwanawe asisahau wanja kwenye nyusi. Yale ya mume nayasoma, mengine nabishana nayo. Lakini hapo pa nyusi namsikia mama.

TATU: ...Umenifanya nimkumbuke wangu. Alikuwa hatoki nje bila poda, hata akienda gengeni kununua nyanya.

ZUHURA: Nyanya!

TATU: Nyanya za mboga, si bibi yako. Hebu kwanza, mbona kuna kitu kinalia kwenye maikrofoni yako? Tangu tuanze.

ZUHURA: Miguu hiyo.

TATU: Hujazivua? Usiku wa mashairi ulikuwa Ijumaa!

ZUHURA: Nyanya kasema nizirudishe Jumapili. Leo Jumamosi.