Kitabu cha Mwamba Kianzie Langoni

Mhadhara kwa wapanda miamba, Nairobi

Wenzangu, hamjambo. Walio kule nyuma sogeeni mbele, viti vya huku haviumi.

Nimeombwa niseme juu ya jambo lililotugawa miezi hii yote: tuchapishe kitabu cha mwongozo wa miamba midogo inayoizunguka Nairobi, au tuache? Najua wengi wenu mmekuja na jibu tayari. Mimi pia ninalo, na nitalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kitabu kichapishwe. Ila rasimu hii iliyo mezani, kwa jinsi ilivyo leo, isitoke hata ukurasa mmoja.

Rasimu nimeisoma mwanzo hadi mwisho. Michoro ya njia ni mizuri kweli kweli. Aliyeichora ana mkono. Gredi, yaani ugumu wa kila njia, zipo, urefu wa kamba upo, mahali penye bolti, vile vyuma vinavyokazwa kwenye jiwe, na mahali pa kutumia vyuma vyako mwenyewe pameonyeshwa. Kuhusu mwenye ardhi kuna sentensi moja tu, inayorudiwa kila sura: "Omba ruhusa kwa wenyeji." Wenyeji gani? Mama anayeuza maembe pale barabarani? Chifu? Kijana wa bodaboda aliyekuelekeza kisha akakuomba mia mbili? Kitabu kinachojua kishikio cha kidole kimoja kiko upande gani wa ufa, lakini hakijui shamba ni la nani, hakijakamilika.

Nianze na wanaosema tusichapishe kabisa. Nawaheshimu, baadhi yao ndio walionifundisha kufunga fundo. Hoja yao ni kwamba mwamba ukiandikwa umekwisha. Leo wanafika watu wachache kwa gari moja, wanapanda, wanaondoka. Kikitoka kitabu, Jumamosi itakuja na basi, spika, jiko la nyama choma na chupa. Hofu hiyo ina msingi. Lakini siri hii imemfaa nani? Habari za miamba zimepita kwa mdomo miaka nenda miaka rudi, kutoka kwa mwenye gari hadi kwa rafiki yake mwenye gari. Kijana wa Kayole anayejifunzia kwenye ukuta wa ndani, mwenye viatu vya mtumba na vidole vyenye nguvu kutushinda sisi sote, hajui aende wapi mpaka apate wa kumchukua. Klabu ya Milima ya Kenya ilianzishwa mwaka 1949, na imechapisha mwongozo wa Mlima Kenya na Kilimanjaro kwa miongo kadhaa. Sijasikia mtu akilalamika kwamba kitabu kimeimaliza Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Ni kweli, Batian ina mita 5,199 na baridi yake ya kujilinda. Jiwe la mita ishirini kando ya shamba la kunde halina ulinzi huo. Hapo nawapa haki yao.

Na hata hivyo siri yenyewe haipo tena. Unapiga picha ya rafiki yako akining'inia, simu inaandika mahali ulipo, usiku huohuo watu wameshajua. Kinachosambaa ni mahali. Namna ya kufika kwa adabu haisambai pamoja na picha.

Wanaopinga wana mfano mmoja wenye nguvu ambao nashangaa hawautumii, basi ngoja niwasaidie. Kuna mahali Texas, karibu na mji wa El Paso, panaitwa Hueco Tanks. Ni vilima vya mawe vilivyojitokeza jangwani, na mawe hayo yana mashimo yanayokinga maji ya mvua. Kwa sababu ya maji hayo watu wamefika pale kwa maelfu ya miaka, na wameacha michoro kwenye mapango, ikiwemo nyuso nyingi kama vinyago. Wako wenyeji wa asili wa huko, Watigua miongoni mwao, ambao mpaka leo wanapahesabu kuwa mahali pao patakatifu.

Sasa wapanda miamba nao wakapapenda, hasa wakati wa baridi, mawe mafupi na magumu yasiyohitaji kamba. Mwaka 1991 John Sherman akatoa kitabu cha mwongozo cha mahali hapo, na ndani yake ukatoka mfumo wa gredi wa herufi V. Ndiyo, V hiyohiyo tunayogombania hapa kila jioni, huyu anasema ni V4, yule anasema wewe ni mrefu tu. (Kicheko.) Mwaka 1998 wasimamizi wa hifadhi wakaweka utaratibu mpya. Siku hizi kilima kimoja tu ndicho unachoruhusiwa kutembea bila kiongozi, na watu wake hawazidi 70. Kwingine kote unaingia na mwongozaji. Na kabla hujagusa jiwe lolote unaketishwa kutazama video ya maelezo.

Je, kitabu ndicho kilichoifunga Hueco? Sidhani. Kuna maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 yamekwanguliwa na kupakwa palepale kwenye mapango yenye michoro, majina na tarehe, na hao hawakuwa na kitabu wala chaki yetu ya kukausha mikono. Wapanda miamba walikuja mwishoni, wakaongeza miguu yao juu ya uharibifu uliokuwepo. Ninachokiona mimi ni mfuatano wa mambo. Mwaliko ulitoka 1991, na mpango kamili wa kupokea wageni ukaja miaka saba baadaye, tena kwa amri. Sisi bado hatujatoa mwaliko. Tunayo nafasi ya kuanza na mapokezi.

Tuje huku kwetu. Kuna mwamba Machakos ambao sitautaja jina. Nitawaeleza kwa nini. Tulikwenda tena pale baada ya kusikia kwamba mwenye shamba amewafukuza watu. Tulimkuta mzee ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, anasuka kamba ya katani, na hakunyanyua kichwa mpaka tulipomaliza salamu zote, za nyumbani, za mvua, za mifugo. Halafu akasema, "Vijana, jiwe ni la Mungu, lipandeni mpaka mchoke. Mimi nataka kujua nani aliwafundisha kufungua lango bila kulifunga."

Lango lenyewe ni matawi ya miiba, unalivuta pembeni ili upite. Wenzetu walilivuta, wakapita, wakaliacha. Mbuzi wakaingia kwenye kunde. Wengine hawakupitia hata langoni, walikata njia ya mkato juu ya matuta, na mvua iliyofuata ikapita palepale na kubeba udongo. Mzee alitutembeza akatuonyesha. Unaweza kuona kabisa: tuta limebomoka upana wa mtu mmoja na begi lake, na chini yake mfereji mpya umefika hadi kwenye mihogo. Kisha akatupeleka chini ya mwamba wenyewe. Nilidhani atalalamikia chaki, maana ilikuwa imejaa. Hakuisema. Alionyesha bolti mbili akauliza, "Na hivi vyuma, ni vya kampuni gani?"

Hapo ndipo pa kutega sikio. Sisi tukisikia drili juu ya jiwe tunasikia usalama: mtu anaweka bolti ili mwingine asianguke. Kijijini wakisikia drili juu ya jiwe, wanajua kuna watu wamekuja kutafuta madini, na baada ya madini huja mtu mwenye karatasi. Mzee alikuwa ameshakaa na wanawe juu ya zile bolti, wakajadili kama wauze mapema au wangoje. Kwa upande wa Athi River wameona vilima vikigeuka kokoto, kwa hiyo hawakuwa wanaota.

Mwisho wa mazungumzo alikubali watu warudi, kwa masharti yake, ila akasema jina la pale lisiandikwe mpaka atakapokaa na ndugu zake, kwa sababu shamba halijagawanywa. Ndiyo maana silitaji. Anayetaka kitabu sana anaweza kusubiri kikao cha familia.

Masharti yake ni haya, na nataka myasikie kwa sababu ndiyo ukurasa unaokosekana kwenye rasimu yetu. Magari yaachwe kanisani, si kwenye njia ya mifugo. Mpitie boma, msalimie, hata kama hamkuti mtu ila mtoto. Lango lifungwe. Wakati wa kupanda mbegu na kupalilia mzunguke upande wa mto. Msichome moto. Bolti mpya asikie kwanza kwa mdomo wenu kabla ya kusikia drili. Na mtu akiumia, aambiwe yeye kabla ya mtu mwingine, maana polisi wakija wataanza nyumbani kwake. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi zaidi, kuliko mbuzi. Aliniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, mtoto wa watu akifia hapa, nitajibu nini?" Nilimweleza kuhusu bima na kuhusu fomu ambazo watu hutia sahihi. Alisikiliza kwa heshima tu. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Mtaniambia, huyo ni mzee mmoja. Sawa. Katiba yetu ya 2010 inaigawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi, na miamba yetu imeangukia kote. Hell's Gate ni hifadhi ya taifa tangu 1984. Lango lina tikiti, lina askari wa wanyamapori, utaratibu unajulikana hata na mgeni. Ololokwe kule Samburu ni ya jamii: unafika kwa wenyewe, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, na unakumbushwa kwamba kwenye mlima huo wanasali. Hizo mbili hazinisumbui kwenye kitabu, kila moja ina mtu wa kumuuliza. Zinazonisumbua ni zile ndogondogo za katikati, za mzee kama huyu. Rasimu imeziandika zote kwa sentensi ileile.

Halafu kuna mambo ambayo hata mwenye ardhi hawezi kuyaruhusu peke yake. Lukenya, kilima kile cha karibu na Nairobi ambacho wengi wetu tulianzia, ina mapango yaliyochimbwa na wanaakiolojia na kukutwa zana za mawe za kale sana. Kuna kuta zenye michoro inayofanana na ngao na alama za kuchomea ng'ombe. Ukipiga brashi ya waya kusafisha kishikio hujui umefuta nini. Kitabu kiseme waziwazi ukuta gani haupandwi, na kisiweke mchoro wa njia hapo hata kama njia ni tamu.

Na ndege. Tumbusi wa Rüppell huzaliana kwenye magenge, Hell's Gate wapo, Ololokwe wapo, na sasa amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wapandaji wa Uingereza wana desturi nzuri: ndege aitwaye kozi akijenga kiota kwenye genge, njia za karibu hufungwa kwa msimu, na watu wanatii kwa sababu tarehe na sababu zimeandikwa. Devils Tower, mwamba mkubwa ulioko Wyoming, Marekani, ni hivyohivyo ingawa si kwa sababu ya ndege. Tangu 1995 hifadhi inawaomba watu wasipande mwezi wa Juni, kwa kuwa ni mwezi wa ibada kwa mataifa ya wenyeji, Walakota na wengineo. Ni ombi tu, na mwanzoni wengi mno waliliheshimu. Sasa ombi la namna hiyo kwetu lingeandikwa wapi? Kule Kit Mikayi, karibu na Kisumu, watu wanafunga na kusali katikati ya yale mawe. Kijana akitoka Nairobi na godoro lake la kuangukia mgongoni, nani amemwambia? Bila kitabu, hakuna. Kwa hiyo wanaotaka siri wanajikuta wanaficha hata makatazo.

Naona mkono. Ndiyo, dada. … Anauliza kama tunapaswa kuwalipa wenye mashamba. Swali zuri, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Mimi nasema tulipe, lakini kiwango apange mwenyewe na kiandikwe kitabuni, kisiwe cha kubahatisha getini. Wapo wanaohofia kwamba tukianza kulipa, kila jiwe litakuwa na bei. Labda. Mzee wetu sisi hakuomba hela. Aliomba mbegu za kunde zilizoliwa zirudishwe, zikarudishwa, halafu akaomba mtoto wa nduguye afundishwe kushika kamba, ili siku watu wakija awe anawapokea yeye. Mtoto huyo yuko kidato cha tatu na tayari anapanda kutushinda. Rasimu ingemwandika kama nani? "Wenyeji"?

Basi ombi langu kwenu ni la kazi, si la kura. Kila anayejua mwamba achukue ukurasa wake leo aende nao Jumamosi kwa mwenye shamba, amkalie, aujaze pamoja naye: gari liwekwe wapi, tupite lango gani, mwezi gani tusije, nani apigiwe simu mtu akiumia, nini kisiguswe. Akikataa kuandikwa, mwamba wake uondolewe kitabuni, na tusimzunguke kwa kuuweka mtandaoni. Kurasa ziko pale mezani pamoja na kalamu. Kalamu nyekundu ni za kurasa za malango. Msizitumie kusahihisha gredi, za gredi mnajua hatutazimaliza usiku huu. Dada pale mlangoni anaandika nani amechukua ukurasa upi, na wa Machakos nimeshauchukua mimi.