Kina cha chambo mtoni: tia bildi kwanza

Ndugu zangu wavuvi, habari za asubuhi. Hiki nilichoshika ni kipande cha ndala kuukuu, kimechongwa kama kokwa ya tende na kupitishwa kijiti cha mwanzi katikati. Ndicho chelezo chetu. Hakivutii samaki hata kidogo. Kazi yake ni kushikilia chambo kwenye kina tulichochagua na kutupasha habari. Wengi hulaumu chambo, kumbe kinapita nusu mita juu ya vichwa vya samaki.

Kambale anatafuta chakula chini kwa sharubu zake, basi chambo chake kilale topeni au kipite juu yake kwa upana wa vidole viwili. Ningu, samaki wa mito ya Kagera na Nzoia, naye mdomo wake umeelekea chini. Perege anapenda maji yaliyotulia ukingoni, na huweza kupanda hadi katikati ya maji. Lakini huwezi kuzungumzia katikati kabla hujajua chini ni wapi.

Mabaharia walitupa bildi, yaani kizito chenye kamba cha kupimia kina cha maji, kabla ya kuingia bandarini. Sisi bildi yetu ni chubwi (kizito cha kuzamisha uzi) la gramu 20 hivi, limebandikwa kipande cha mpira chini, na ndoana tunaichomeka kwenye mpira huo. Weka chelezo mita moja juu ya ndoana kwa kukisia. Usirushe, teremsha taratibu, ncha ya mwanzi wa kuvulia ikiwa juu kabisa ya mahali unapopima. Sasa tazama. Chelezo kikizama chote, uzi ni mfupi: kipandishe shibiri moja. Kikilala ubavu, uzi umezidi: kishushe vidole vinne. Kikisimama na kichwa tu kikachungulia, hapo umepata. Peleka ndoana kwenye kitako cha mwanzi, tazama chelezo kimefika wapi, ufunge uzi mwekundu hapo. Alama hiyo itakuokoa chelezo kikiteleza.

Kosa la kawaida ni kutumia chubwi jepesi penye mkondo. Maji yanalisukuma, uzi unapinda kama upinde, nawe unasoma kina kikubwa kuliko kilichopo. Ongeza uzito, upime tena.

Pima mahali pengine panne, kila baada ya hatua mbili kufuata mkondo. Mtaona sakafu ya mto si meza: kuna shimo, kuna tuta la mchanga, kuna gogo. Chambo kinachosafiri na maji kipimiwe tuta, si shimo, maana ukipima kwa shimo ndoana itanasa kwenye tuta kila safari. Ukilitaka shimo lenyewe, lipimie peke yake na uteremshe chambo papo hapo.

Hapa ndipo wanapokosea hata wazoefu. Urefu wa uzi chini ya chelezo si kina cha chambo. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini, kwa kuwa ya chini yanasuguana na mawe na mchanga. Chelezo kinatangulia, chambo kinaburutwa nyuma, uzi unakaa mshazari. Chukua uzi wa sentimita 150 ulioinama nyuzi 30 kutoka wima: chambo kiko sentimita 130 tu. Sentimita 20 zimepotea, na kambale hajui kwamba ulipima vizuri! Na ukizuia chelezo kisikimbie, mkondo unakitanguliza chambo mbele na kukinyanyua vilevile. Kwa hiyo ukizuia, ongeza sentimita 10 hadi 20. Dawa nyingine ni kupanga vichubwi: vilivyo vizito vikusanyike theluthi mbili kwenda chini, kimoja kidogo kikae shibiri moja juu ya ndoana. Ukivitawanya sawasawa, chambo kitashuka polepole, na hilo linamfaa perege anayekula juu kuliko kambale.

Baada ya hapo chelezo ndicho kinachosema. Kikidokoa mahali palepale kila safari, hilo ni tuta au gogo, si samaki. Punguza sentimita 5. Kikipita mara kumi bila kugusa chochote na unamtaka kambale, ongeza 5. Ndoana ikirudi na jani bovu, umefika chini.

Tafadhali, usipime kwa miguu. Rufiji na Kilombero ina mamba na viboko, na maji ya kahawia hayaonyeshi kitu. Kaa mbali na ukingo, tumia mwanzi mrefu.

Kina kikizidi urefu wa mwanzi, chelezo cha kufunga hakifai tena, kwani hutaweza kumfikia samaki. Tumia kinachoteleza: funga fundo dogo la uzi kwenye kina ulichopima, chini yake ushanga, kisha chelezo chenye tundu. Wakati wa kurusha kinateleza hadi kwenye vichubwi. Kikifika majini uzi unapita ndani yake mpaka ushanga ukwame kwenye fundo. Fundo likiwa jepesi mno litasogea, nanyi mtadhani mto umebadilika.

Na kweli hubadilika. Karibu na mlango wa Ruvu au Pangani, maji ya bahari yakijaa au kupwa kipimo cha saa moja iliyopita hakifai. Chomeka kijiti ukingoni, kichore alama kila sentimita 10, na kila maji yanapopanda au kushuka alama moja, sogeza chelezo kiasi hichohicho.