Kufanyia Kazi Nyumbani: Asiyekuona Atajuaje Unachofanya?

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo mimi na kaka Daudi tunamzungumzia mwajiriwa anayefanyia kazi zake nyumbani: afanye nini ili kazi iende vizuri na pia itambulike?

DAUDI: Ahsante, dada Zuhura. Wengi wakiulizwa hivyo hukimbilia meza, kiti na kasi ya intaneti. Hivyo vinahitajika, na kiti kibaya kitakuumiza mgongo mapema sana. Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo linalowatenganisha wanaofanikiwa na wanaohangaika ni uandishi.

ZUHURA: Hata kwa mhasibu?

DAUDI: Hata kwake. Ofisini taarifa nyingi hutufikia bila kuziomba, kwa sababu unamsikia mwenzako akizungumza na mteja, unamwona meneja akipita, au unauliza swali ukiwa umesimama mlangoni. Ukihamia nyumbani hayo yote hukatika, na jambo lisiloandikwa huwa kana kwamba halikutokea. Chukua mfano wa mtu anayemwandikia mwenzake, "Habari za asubuhi, upo?" kisha akasubiri. Mwenzake yuko kikaoni, na anapojibu, "Nipo, niambie," yule wa kwanza ameshatoka kwenda kula. Asubuhi nzima imepotea na swali lenyewe bado halijaulizwa.

ZUHURA: Angeandika vipi?

DAUDI: Baada ya salamu, angeeleza papo hapo: "Ninaandaa ripoti ya mauzo ya robo ya pili, na jumla iliyo kwenye jedwali lako hailingani na ya idara ya fedha. Naomba unijulishe kabla ya saa tisa alasiri nitumie ipi. Nisipopata jibu, nitatumia ya idara ya fedha na kuweka maelezo pembeni." Ujumbe kama huo hujibiwa kwa mstari mmoja, na hata usipojibiwa, kazi haisimami.

ZUHURA: Hilo la kusema utafanya nini usipojibiwa ni muhimu sana, hasa kwa timu ambayo watu wake wanaishi katika saa tofauti. Niongeze jambo kuhusu kutambulika. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya jaribio katika Ctrip, kampuni ya uwakala wa safari nchini China, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa kituo cha simu waliokuwa wamejitolea kushiriki waligawanywa kwa siku ya kuzaliwa: wa tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani zamu 4 kati ya 5 za wiki, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Katika miezi 9, utendaji wa waliokuwa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kuwa kazini dakika nyingi zaidi, kwa kuwa mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Pamoja na hayo, ukiwalinganisha na wenzao wa ofisini wenye utendaji uleule, walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi.

DAUDI: Na hao walikuwa watu wa simu, ambao kazi yao huhesabiwa na mitambo! Je, yule ambaye kazi yake ni kupanga, kushauri au kusahihisha? Ndiyo maana nasisitiza taarifa fupi ya kila jioni: kipi kimekamilika, kipi kimekwama na kinamsubiri nani, na kesho unaanzia wapi. Huko si kujisifu hata kidogo, kwa sababu msimamizi hawezi kutetea kazi asiyoijua.

ZUHURA: Nakubali, mradi taarifa hiyo isigeuke kuwa upelelezi. Mfanyakazi anayelazimika kuthibitisha kila saa kwamba yupo atashughulika na kuonekana mtandaoni badala ya kazi yenyewe. Mimi naipenda taarifa ya jioni kwa sababu nyingine: ukishaituma, umefunga siku. Zile dakika za ziada zilizoonekana katika jaribio la China zinaweza kuwa faida kwa kampuni, lakini zisipowekewa mpaka humla mtu. Ureno ilitunga sheria mwaka 2021 inayomtaka mwajiri asiwasiliane na mfanyakazi wakati wake wa mapumziko, isipokuwa kwa dharura isiyoepukika.

DAUDI: Pasipo na sheria ya namna hiyo, mfanyakazi mwenyewe aanzishe mazungumzo hayo na msimamizi wake mapema: saa za kazi ni zipi, ujumbe wa kawaida ujibiwe ndani ya muda gani, na jambo gani linastahili kupigiwa simu usiku.

ZUHURA: Na wakishakubaliana, amtumie msimamizi baruapepe siku hiyohiyo yenye makubaliano yote, ili kila mmoja abaki na nakala.